Ufunguo Shingoni: Mdada wa Rutamba Alijua ni wa Nyumba Ndogo, Kumbe Ulibeba Roho za Watu Wawili

Wadau, kuna wale wanaosema wanaume wa kusini ni wapole, hawana mambo. Haya, kaeni mkao wa kusoma.

Yupo mdada mmoja wa Rutamba, ile Rutamba ya Lindi yenye ziwa. Anauza kanga na madera mtandaoni, ana wateja wake, hana makuu. Mchumba wake ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha ukanda wa pwani ya kusini, jina la kiwanda likae pembeni. Sasa mdada akaanza kuona kitu. Kila jamaa akija likizo, shingoni ana kamba nyeusi yenye ufunguo mdogo. Akioga hauvui. Akilala hauvui. Ukimuuliza ni wa nini, jibu moja tu: "Wa kazini."

Wa kazini! Mdada wa mwaka huu umwambie hivyo akuelewe? Grupu la mashoga zake lilishatoa hukumu asubuhi na mapema. Nyumba ndogo hiyo, chumba kimeshapangwa, labda na kitanda kimenunuliwa. Mmoja alijitolea hadi nauli ya kwenda kumfuatilia.

Kumbe jamaa alikuwa anasema kweli. Ufunguo ni wa kufuli jekundu, na kufuli lenyewe halifungi mlango wowote. Linafunga swichi.

Ambaye hajawahi kufanya kazi kiwandani aelewe hivi. Kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, anayewasha anaiona mashine na mashine inamwona. Kwenye kiwanda kikubwa si hivyo. Mkanda wa kubebea mzigo unaweza kuwa mrefu kuliko uwanja wa mpira, na anayeuwasha amekaa chumba cha mbali chenye kiyoyozi anaangalia kompyuta. Haoni mtu, anaona taa ya kijani. Kwa hiyo fundi akijipenyeza ndani ya mashine kubadilisha kitu, maisha yake yapo kwenye kidole cha mtu ambaye hawajaonana siku hiyo.

Dawa yake ni kufuli. Mashine inazimwa kwenye swichi kubwa, halafu kila anayeigusa anapachika kufuli lake kwenye kipande cha chuma chenye matundu sita, na kadi yenye jina na namba ya simu. Mafundi wanne, makufuli manne. Ufunguo ni mmoja na anao mwenye kufuli, meneja hana wa akiba. Mpaka wa mwisho atoe lake, swichi haipandi. Ndiyo maana jamaa anauvaa shingoni. Wengine wanauweka mfukoni, ila yeye alishawahi kufua suruali ikiwa nao, ukapotea, akatafuta kutwa nzima.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya kupeleka mahari.

Jamaa alikuwa zamu ya usiku, anatoka saa moja asubuhi. Usiku ule mkanda mmoja ulikuwa umesimamishwa kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa mota, hiyo ya jamaa, na alfajiri ilishakamilika. Ya pili ilikuwa kuchomelea vipande vya chuma ndani ya hopa, lile dude kama fanereli kubwa linalomwagia mzigo kwenye mkanda. Hiyo walipewa mafundi wawili wa kontrakta, na walikuwa bado.

Mafundi wale hawakuwa na makufuli yao. Makufuli ya makontrakta yaliagizwa, yakawa "yapo njiani" mwezi wa pili sasa. Kwa hiyo walikubaliana kiroho safi wafanye kazi chini ya kufuli la jamaa. Haikuwa mara ya kwanza. Ilishafanyika mara nyingi na hakuna aliyekufa, na kitu kikifanyika mara nyingi bila mtu kufa watu wanaanza kuamini ndiyo utaratibu.

Saa moja ikafika, fundi wa asubuhi hajatokea, gari lake limeharibika njiani. Jamaa kasubiri nusu saa. Noah ya kwenda kwao inapiga honi. Akafikiria: nikiondoa kufuli wale watu wanabaki wazi, nikiliacha mkanda hauwaki, bora uchelewe. Akaliacha. Getini akakutana na msimamizi wa zamu ya asubuhi. Na huyo msimamizi, wadau, ni kaka wa mdada. Shemeji kabisa.

"Shikamoo shem. Kufuli langu bado lipo kwenye mkanda, wachomeleaji hawajatoka."

"Marahaba. Haya, msalimie mama."

Pale getini roli lilikuwa linapita. Shemeji alisikia nusu ya kwanza, nusu ya pili ikaenda na roli. Alichobaki nacho kichwani ni kwamba bwana harusi kasahau kufuli kwa haraka ya mahari. Akacheka, akaingia ndani.

Saa nane mchana. Rutamba wazee wamekaa kwenye majamvi, mshenga ameshafungua kinywa, kanga zimepangwa kwenye sinia. Kiwandani maroli yamejipanga foleni, meneja kapiga simu mara tatu. Shemeji anashika karatasi ya ruhusa ya kazi iliyopo mezani: kazi ya mota imekamilika, imesainiwa. Karatasi ya kuchomelea ilikuwepo pia, ila ilikuwa ofisi ya kontrakta karibu na geti, na ofisi Jumamosi imefungwa. Kwa macho ya shemeji, kilichozuia uzalishaji wa kiwanda kizima ni kufuli moja la mtu aliyesahau, na mtu mwenyewe anakula pilau nyumbani kwao shemeji.

Kampigia jamaa mara saba, hapatikani. Nyumba ile mtandao ni wa kubahatisha. Utaratibu wa kukata kufuli la mtu upo, unataka saini ya meneja na mashine ikaguliwe juu hadi chini. Meneja kwenye simu akasema kata, atasaini Jumatatu. Kukagua, shemeji alisimama chini akaita, "Kuna mtu huko?" mara mbili. Hakuna aliyejibu. Jamaa wawili walikuwa ndani ya hopa, ghorofa tatu juu, wanapima vyuma, masikio wameyaziba kwa sababu ya kelele. Shemeji akaagiza mkasi wa kukatia vyuma.

Dakika hizo hizo jamaa katoka nyuma ya nyumba kujisaidia, simu ikashika mtandao. Meseji zikamiminika: umepigiwa, umepigiwa, umepigiwa. Akapiga. Kelele, kelele, halafu maneno matatu: "...tunakata kufuli lako..." Ikakatika. Akaandika USIKATE WATU WAMO NDANI. Haikwenda. Akajaribu tena, haikwenda.

Hapa ndipo penyewe. Mwanaume amevaa kanzu mpya, wazee wa upande wa mke wamekaa kumsikiliza mshenga wake, na kwa Wamwera mjomba wa binti ndiye mwenye kauli. Yeye anarudi barazani, anapiga goti na kusema anaomba ruhusa aondoke. Sasa hivi. Na mahari haijapokelewa. Unaambiwa kimya kilichotanda pale hata kuku walisimama.

Mmoja akaanza kuguna, kwamba huyu kijana anatudharau. Mjomba mtu akainua mkono. Mkono wenyewe una vidole vitatu.

Akauliza: "Ni mashine?"

"Ni mashine, mjomba. Watu wamo ndani."

"Nenda."

Mzee yule vidole viwili aliviacha kwenye korona. Na hapa korona si ule ugonjwa wa 2020, ni ile mashine ya kuchakata mkonge, ambayo wazee wa Lindi wanaijua tangu enzi za mashamba makubwa ya mkonge. Unalisha majani kwa mkono, chuma linakwangua, nyuzi zinatoka upande wa pili. Anasimulia kwamba siku aliyoumia iliwashwa wakati yeye anatoa majani yaliyokwama. Nyapara alikuja akauliza jina la aliyeumia. Hakuuliza aliyewasha alikuwa amesimama wapi na kwa nini hakumwona. Jina likaandikwa, likafuatwa na neno "uzembe", na mtu mwingine akasimama palepale jioni ileile. Mzee anasema mwaka uliofuata mashine hiyohiyo ilichukua mkono wa mwingine.

Jamaa akapanda bodaboda akiwa na kanzu, wakakimbilia sehemu yenye mtandao. Meseji ikaenda.

Ila ukweli lazima usemwe: meseji ile ilifika imechelewa kama dakika nne. Angekuwa anategemewa yeye tu, leo ingekuwa habari ya msiba. Waliookolewa waliokolewa na mdada wa usafi.

Huyu ni kibarua, analipwa kwa siku, hajui mota wala hopa. Alikuwa anafagia chini ya ngazi. Akamwona msimamizi na mkasi mkononi, mafundi wamemzunguka, kila mtu na haraka yake. Wewe ni kibarua, utamwambia msimamizi anakosea? Huwezi. Akazunguka kwa adabu: "Shikamoo kaka. Samahani, hawa mafundi wa kuchomelea chakula chao niwatunzie wapi? Maana hotipoti zao zipo hapa na mchana umepita."

Hotipoti mbili, chini ya ngazi, hazijafunguliwa.

Shemeji anasema mikono ilimwisha nguvu. Mkasi ulikuwa tayari umeng'ata kufuli.

Tuache stori hapo kidogo, maana kilichofuata mtaani ndicho kinachoudhi. Siku mbili tu, Rutamba nzima ina maelezo yake. Kundi la kwanza: mkono wa mtu, kuna aliyetaka mahari isipokelewe. La pili, hili la wenye simu janja: shemeji hampendi jamaa, alitaka kumwangushia kesi ya mauaji. La tatu, kazini: jamaa mnoko, angeondoa kufuli lake mapema yasingetokea yote haya, na bonasi ya zamu imeenda. Kiwandani fomu ikajazwa, kwenye nafasi ya chanzo ikaandikwa neno lilelile la nyapara. Jamaa barua ya onyo, shemeji barua ya onyo. Mdada wa usafi akapewa fulana. Fulana!

Angalieni tena bila hasira. Makufuli ya kontrakta yalichelewa. Gari la fundi likaharibika. Roli likapita wakati mbaya. Karatasi mbili zikakaa ofisi mbili. Mtandao haukuwepo. Meneja alikuwa na foleni ya maroli. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akitaka kuua, na kila mmoja kwa alichokijua dakika ile alikuwa na sababu inayoeleweka. Shemeji angejua kuna watu ndani asingegusa mkasi. Hakujua, na kiwanda kilimpangia kazi kwa namna ambayo asingeweza kujua.

Profesa mmoja Mwingereza, James Reason, alilieleza hili kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Sisi wa pwani tuna mfano mzuri zaidi: makuti. Kila kuti lina upenyo wake, ndiyo maana tunayalaza tabaka juu ya tabaka. Nyumba haivuji kwa sababu kuti moja lina tundu. Inavuja siku matundu yanapokaa mstari mmoja. Mvua ikiingia, unaweza kumlaumu aliyesuka kuti la mwisho, ila ukibadilisha hilo peke yake msimu ujao utalala na beseni.

Na msidhani ni stori ya kusini tu. Habari ya karatasi mbili kukaa sehemu mbili imeshaua watu 167 kwa usiku mmoja. Ilikuwa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, bahari ya kaskazini kule Uingereza. Pampu moja ilikuwa na kazi mbili: matengenezo ya pampu yenyewe, na vali yake ya usalama iliyotolewa ikakaguliwe. Zamu ikabadilika. Usiku pampu nyingine ikazima, wafanyakazi wakatafuta karatasi, wakaiona ya matengenezo tu, ya vali ilikuwa sehemu nyingine. Wakawasha pampu isiyo na vali. Gesi ikavuja, ikashika moto. Uchunguzi wa Jaji Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na mengi yalihusu namna kazi inavyopangwa, inavyokabidhiwa na inavyosimamiwa. Soma hiyo halafu kumbuka gesi ya Songo Songo pale Kilwa inakwenda Dar tangu 2004, na vijana wangapi wa Lindi wameshaandaa CV kwa ajili ya mradi wa gesi wa Likong'o. Watu wanauliza mshahara. Waulize na zamu zinakabidhiana vipi.

Na lile la mdada wa usafi kuzunguka kwa adabu nalo lina ndugu yake mkubwa. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ukungu mzito. Rubani mkuu wa KLM, mtu mkubwa kwenye kampuni, anaanza kukimbiza ndege ili iruke. Injinia aliyekaa nyuma yake akauliza kama ile ndege ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo. Injinia akanyamaza. Pan Am ilikuwa bado ipo mbele yao. Watu 583. Baada ya ajali kama hiyo, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha mdogo jinsi ya kumwambia mkubwa wazi, na mkubwa jinsi ya kusikia. Heshima ni nzuri, tumelelewa nayo, hakuna anayesema iondoke. Ila kwenye mashine shikamoo isiwe mwisho wa mazungumzo.

Kwetu hapa tuna kumbukumbu nzito zaidi. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Meli ya abiria 430 ilikuwa imebeba wengi zaidi ya hapo, na mamia ya watu walikufa. Ilipinduka ikaelea tumbo juu, ndani kuna watu hai wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwa kasi, meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa wanakimbilia kuokoa, tena kwa huruma. Jambo likiwa limefungamana hivyo, hata mkono wa msaada unaweza kuvuta uzi usiojua umeshika nini.

Miaka 22 baadaye, ziwa lilelile. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, uwezo wake watu 101, kinakaribia Ukara. Waliokufa ni zaidi ya 220. Amri ya kuwakamata wahusika ikatoka, na watu wakaridhika kuwa wahusika wamepatikana. Lakini ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Kila siku ya gulio watu wa kisiwani wanavuka kwenda kununua na kuuza, jioni wote wanataka kurudi na magunia yao. Anayekatisha tiketi atamwambia mama wa mwisho alale wapi? Mfunge nahodha, mfunge karani, Alhamisi itakuja tena na gulio litajaa tena. Kama kivuko ni kilekile na hakuna anayehesabu vichwa mwenye nguvu ya kusema hakiondoki, umebadilisha majina tu.

Ndiyo maana ule usemi wa "ajali haina kinga" wakati mwingine unatumika vibaya. Kinga zipo, tena nyingine ni za bei ya kufuli. Shida ni kwamba kinga ikifanya kazi hakuna kinachotokea, na kitu ambacho hakijatokea hakina picha ya kupost. Nani kawahi kuweka status "leo watu wawili hawakusagwa"? Nusura inapita kimya, tunasema Mungu mkubwa, tunarudi kazini na karatasi zilezile ofisi zilezile. Fidia ipo kwa sheria ya mwaka 2008 na mfuko wake unalipa, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003, wakaguzi wa OSHA wapo. Ila mkaguzi hawezi kukaa getini saa moja asubuhi kusikiliza nusu ya sentensi iliyochukuliwa na roli.

Turudi kwa watu wetu. Jamaa alifika kiwandani saa mbili usiku, bado ana kanzu. Walinzi wakamkatalia kuingia bila kofia ngumu, ikabidi avue baraghashia, aivae ile ya njano. Akaenda kwenye swichi, akafungua kufuli lake lenye alama ya meno ya mkasi. Wachomeleaji wawili walikuwa wamekaa nje wanakula, chakula kimepoa. Mmoja akamuuliza kwa utani, "Bwana harusi, umetuletea pilau?" Jamaa akaanza kucheka, halafu akakaa chini, akashindwa kusimama kwa muda.

Shemeji na yeye hawakuongea wiki tatu. Mdada yupo katikati, kaka huku, mchumba kule, mama analia. Aliyevunja ukimya ni mtu wa sefti wa kiwanda (sefti, jamani, siyo usalama wa taifa), kijana tu, ambaye hakuridhika na ile fomu. Aliwaita wote, meneja mpaka mdada wa usafi, akawapeleka kwenye mkanda wenyewe, akamwambia kila mmoja asimame pale alipokuwa siku ile na aseme alikuwa anaona nini. Aone, siyo alitakiwa kufanya nini. Shemeji akasimama chini ya hopa, akatazama juu. Akasema hapa huoni kitu. Meneja akaja kusimama palepale, akatazama juu, naye akakaa kimya.

Makufuli ya makontrakta yaliyokuwa "njiani" yalifika wiki hiyohiyo. Miujiza. Karatasi zote sasa zinaning'inia ubao mmoja, na zamu zinakabidhiana mbele ya mashine, getini hapana. Barua za onyo hazijafutwa mpaka leo, na hilo ni doa. Mdada wa usafi bado ni kibarua, analipwa kwa siku, na fulana ilimbana.

Mdada wetu naye grupu la mashoga kaliacha, kwa hiyo ushauri sasa hapati, labda ndiyo nafuu.

Mahari? Wazee walikaa tena mwezi uliofuata. Mjomba alimtetea kijana, lakini mila ni mila, kuondoka barazani kabla hujapokelewa kuna faini yake: mbuzi mmoja na doti mbili za kanga za mama mkwe. Mbuzi kalipa. Kanga anasema atanunua kwa mchumba wake kwa bei ya jumla, na mama mkwe amekataa, anataka za dukani Lindi mjini, na risiti.